Wanamaji watatu waliokuwa magavana: Carter, Diete-Spiff au Nyako, uanze na yupi?

Kila mwaka nikiwapa wanafunzi wa kidato cha tatu kazi ya kuandika maisha ya kiongozi mmoja, hakosekani mtoto wa Likoni atakayekuja mezani kwangu na swali lile lile. Amekua akiziona manowari zikiingia na kutoka Mtongwe, pengine ana mjomba anayevaa yale magwanda meupe, na redioni kila siku anasikia gavana hivi, gavana vile. "Mwalimu, yuko mwanamaji aliyewahi kuwa gavana?"

Wapo, tena wengi. Shida huanza pale anapotaka kuchagua mmoja. Nimeona watoto wakipoteza wiki nzima, leo huyu kesho yule, mwisho wanaandika kurasa mbili zisizo na uhai. Makala hii nimewaandikia hao, na mtu mzima yeyote anayetaka kusoma maisha ya aina hii asijue aanzie wapi.

Nimebakiza watatu. Jimmy Carter, gavana wa Georgia, Marekani, kuanzia 1971 hadi 1975. Alfred Diete-Spiff, gavana wa kijeshi wa jimbo la Rivers, Nigeria, kuanzia 1967 hadi 1975. Na Murtala Nyako, pia wa Nigeria, aliyeongoza jimbo la Niger kwa amri ya jeshi mwaka 1976 na 1977, kisha akarudi miaka 30 baadaye kuongoza jimbo la Adamawa kwa kura. Carter wengi wanamjua kwa urais. Urais huo nauweka kando makusudi, maana miaka yake minne pale Atlanta ina mengi ya kutosha yenyewe.

Vipimo ninavyotumia

Nawapima wote kwa maswali yale yale. Bahari ilimfundisha nini kabla hajaingia siasa? Nani alimpa kiti? Alifanya nini alipokikalia? Alikosea wapi, au alilaumiwa kwa lipi? Aliondokaje, na baada ya hapo akawa nani? La mwisho ni la kawaida kabisa ila kwa mwanafunzi ndilo linaloamua: habari zake zinapatikana?

Swali la pili ndilo ninalolipa uzito zaidi. Afisa wa jeshi amezoea kutoa amri ikatekelezwa. Akiwa gavana, mwalimu wa shule ya msingi, mwandishi wa gazeti na mama muuza samaki si askari wake. Namna alivyokipata kiti hueleza sana atakavyowatendea watu hao.

Bahari iliwafunza nini

Hapa Carter ana hazina. Alizaliwa tarehe 1 Oktoba 1924 huko Plains, kijiji cha wakulima wa karanga kilicho mbali na bahari. Aliingia chuo cha wanamaji cha Annapolis mwaka 1943, akahitimu 1946, akaenda kwenye nyambizi. Mwaka 1952 aliomba kazi kwa Hyman Rickover, afisa mkali aliyekuwa akisimamia ujenzi wa nyambizi za kwanza za nyuklia. Mahojiano yalichukua zaidi ya saa mbili. Kuelekea mwisho Rickover akamuuliza alishika nafasi ya ngapi chuoni. Carter akajibu kwa fahari kwamba alikuwa wa 59 kati ya 820, akingoja pongezi. Akaulizwa: ulifanya kila ulichoweza? Alitaka kusema ndiyo, akakumbuka siku alizozembea, akajibu hapana, si kila mara. Rickover akamtazama kwa muda, akauliza kwa nini hukufanya, kisha akageuza kiti chake. Kazi akaipata, na swali lile alitembea nalo maisha yake yote.

Desemba ya mwaka huo huo mtambo wa nyuklia wa Chalk River, Kanada, uliharibika vibaya. Carter, luteni wa miaka 28, akapelekwa na kikosi chake kusaidia kuufungua. Mionzi ilikuwa kali kiasi kwamba mtu aliweza kukaa ndani kama sekunde 90 tu. Kwa hiyo walijenga mfano wa mtambo ule juu ya uwanja wa tenisi uliokuwa karibu. Mtu alifanya mazoezi pale juani: fungua boliti hii, ile, toka mbio. Akishayajua kwa moyo ndipo anashuka mtamboni kuyafanya kweli. Kila boliti iliyotolewa kule chini ilitolewa pia kwenye mfano, ili anayefuata aone kazi ilipofikia. Carter alisimulia kwamba mkojo wake ulipimwa na kukutwa na mionzi kwa muda wa miezi sita. Mtoto wa darasani akisoma kisa hiki hahitaji kuelezwa tena maana ya maandalizi.

Diete-Spiff na Nyako wote walipitia chuo cha wanamaji cha Dartmouth, Uingereza, wakati jeshi la majini la Nigeria lenyewe lilikuwa halijatimiza hata miaka kumi. Diete-Spiff hakukaa baharini muda mrefu: alitolewa melini akiwa na miaka 24 akapewa jimbo. Nyako ndiye mwanamaji kamili kati ya hawa watatu. Baada ya zamu yake ya ugavana alirudi jeshini, akapanda ngazi hadi kuwa mkuu wa jeshi la majini la Nigeria kuanzia 1990 hadi 1992. Kama unachotaka ni maisha ya bahari kuanzia chini hadi juu, wawili wale wengine hawamfikii.

Waliingia kwa mlango gani

Carter aliacha jeshi mwaka 1953 baba yake alipofariki, akarudi Plains kulima na kuuza karanga. Mwaka 1962 akagombea kiti cha seneti ya jimbo. Siku ya kura, mzee mmoja mwenye nguvu katika kaunti ndogo ya Quitman alikuwa akiwaelekeza watu namna ya kupiga kura mbele ya macho yake. Kura zilizohesabiwa zilizidi idadi ya watu waliofika kituoni, na kwenye orodha kulikuwa na majina ya marehemu. Carter alishindwa kwenye hesabu, akaenda mahakamani, akashinda, akaingia seneti Januari 1963. Ugavana aliutaka 1966 akaukosa, akaupata 1970. Kila hatua alipita kwa mpiga kura, hata pale mpiga kura alipokuwa ameibiwa.

Diete-Spiff hakupigiwa kura hata moja. Tarehe 27 Mei 1967 Jenerali Yakubu Gowon, mkuu wa serikali ya kijeshi, aliigawa Nigeria katika majimbo 12, Rivers likiwa mojawapo, na kijana huyu wa Twon-Brass akateuliwa gavana wake. Siku tatu baadaye eneo la mashariki likajitenga na kujitangaza nchi ya Biafra, Port Harcourt, mji mkuu wa Rivers, ukiwa ndani yake. Akawa gavana asiye na mji. Serikali yake ilianzia Lagos, hadi Port Harcourt ilipotekwa na majeshi ya serikali ya shirikisho Mei 1968. Watu wanaomhukumu kwa haraka husahau kwamba alikabidhiwa jimbo lililokuwa uwanja wa vita, katika umri ambao wengi wetu bado tunatafuta kazi ya kwanza.

Nyako ameingia kwa milango yote miwili, na ndiyo maana naona maisha yake yana somo ambalo wenzake hawana. Februari 1976 aliteuliwa na serikali ya kijeshi kuwa gavana wa kwanza wa jimbo jipya la Niger, lenye makao yake Minna (usilichanganye na nchi ya Niger). Aprili 2007, akiwa mkulima mstaafu, aligombea Adamawa kwa tiketi ya chama cha PDP akashinda.

Msomaji wa Tanzania atauona ugavana wa kuteuliwa karibu na anachokijua, maana mkuu wa mkoa huteuliwa na rais, na wanajeshi wamewahi kupewa nafasi hiyo. Msomaji wa Kenya, anayechagua magavana 47 tangu 2013, ataiona Adamawa ya Nyako kama ya nyumbani.

Walifanya nini kitini

Januari 1971, siku ya kuapishwa, Carter aliwaambia watu wa Georgia waziwazi kwamba wakati wa ubaguzi wa rangi umekwisha. Kauli hiyo ilimfikisha kwenye magazeti ya nchi nzima. Mwaka 1974 picha ya Martin Luther King ikatundikwa ndani ya jengo la serikali ya jimbo, pamoja na za Waamerika Weusi wengine wawili, Lucy Craft Laney na Henry McNeal Turner. Upande wa utawala alifanya kama mhandisi aliyepewa mashine iliyojaa kutu: idara na taasisi za jimbo zilizokuwa takriban 300 akazipunguza hadi 22, na kila idara ikatakiwa kuitetea bajeti yake upya, bila kuegemea ya mwaka uliopita. Alizuia pia bwawa lililotaka kujengwa juu ya mto Flint baada ya kuzipitia hesabu za mradi na kutoridhika nazo.

Diete-Spiff alijenga jimbo toka mwanzo, baada ya vita. Majengo ya serikali yaliinuka Port Harcourt, gazeti la jimbo, The Tide, likaanzishwa mwaka 1971, na mwaka 1972 kikafunguliwa chuo cha sayansi na teknolojia ambacho mwaka 1980 kiligeuka kuwa chuo kikuu. Katika baraza lake alikuwamo kijana Ken Saro-Wiwa, yule yule ambaye dunia ingemjua baadaye kama mtetezi wa Waogoni, kabila la Delta ya Niger, aliyenyongwa na serikali ya kijeshi mwaka 1995. Saro-Wiwa aliondolewa kwenye baraza mwaka 1973. Mwanafunzi anayetaka kuielewa Delta ya Niger na mafuta yake atapata katika miaka hii mizizi ya mengi yaliyofuata.

Nyako, kwa upande wake, aliweka nguvu kwenye kilimo na mafunzo ya vijana. Shamba lake la Sebore, Mayo-Belwa, lilimpa jina ambalo watu wa kaskazini bado wanamwita: Baba Mai Mangoro, baba mwenye maembe. Lakini Adamawa ilikuwa mojawapo ya majimbo matatu, pamoja na Borno na Yobe, yaliyowekwa chini ya hali ya hatari Mei 2013 kwa sababu ya Boko Haram, na kazi yoyote ya shamba ilifanywa chini ya kivuli hicho.

Doa

Hapa ndipo wanafunzi hukimbia, na hapa ndipo ninapowarudisha. Maisha yasiyo na doa yaliyoandikwa daftarini hayajasomwa.

Tarehe 30 Julai 1973 Diete-Spiff alikuwa akitimiza miaka 31. Siku hiyo gazeti la Nigerian Observer lilikuwa na habari kuhusu manung'uniko ya walimu wa Rivers na tishio lao la kuacha kazi. Aliyeiandika ni Minere Amakiri, mwandishi wa gazeti hilo Port Harcourt. Mpambe wa gavana, Ralph Iwowari, aliichukulia habari ile kama tusi lililotupwa katikati ya sherehe. Amakiri akaitwa. Akanyolewa kichwa, akachapwa viboko 24, akawekwa kizuizini. Yote kwa kuandika kwamba walimu hawajaridhika na mishahara na hali zao.

Mimi ni mwalimu. Kisa hiki nimekisoma mara nyingi na bado kinanichoma, kwa sababu mwandishi yule alipigwa kwa ajili ya walimu wenzangu. Mwanasheria Gani Fawehinmi aliichukua kesi, na mwaka 1974 mahakama ya Port Harcourt ikaamuru Amakiri alipwe fidia ya naira 10,750. Aliyeshtakiwa na kushindwa ni mpambe, hilo lazima liandikwe kwa haki. Lakini mpambe hujifunza mipaka yake kwa bosi wake, na katika serikali ambayo hakuna aliyeipigia kura, mipaka hiyo ilikuwa haijulikani iko wapi. Kuna jambo la kutia moyo pia: chini ya utawala wa kijeshi, jaji alithubutu.

Doa la Carter limejificha zaidi. Kampeni yake ya 1970 iliwakonyeza wapiga kura wa Kizungu waliokuwa bado wanataka ubaguzi, kisha siku ya kiapo akawageuka. Wengine husema alitumia ujanja kwa lengo jema. Mimi naona wale Weusi wa Georgia waliosikia kampeni ile walikuwa na haki ya kuumia. Tena mwaka 1971, Luteni William Calley alipotiwa hatiani kwa mauaji ya raia wa My Lai, Vietnam, gavana huyu aliyekuwa afisa alitangaza siku ya kuwaheshimu wapiganaji wa Marekani na kuwaomba madereva waendeshe magari taa zikiwa zimewaka. Mwaka 1973 alitia saini sheria mpya ya adhabu ya kifo, jambo ambalo baadaye alilijutia.

Nyako alilaumiwa zaidi kwa ulimi wake na kwa ugomvi na wenzake wa siasa. Novemba 2013 alihama PDP pamoja na magavana wengine wanne kwenda chama cha upinzani cha APC. Aprili 2014 aliwaandikia magavana wa kaskazini barua akiishutumu serikali ya shirikisho kwamba inawaangamiza watu wa kaskazini, tuhuma nzito mno katika nchi iliyokuwa ikizika watu kila wiki.

Waliondokaje

Carter aliondoka kwa sababu katiba ya Georgia wakati huo haikuruhusu gavana kujirithi mwenyewe. Alikabidhi ofisi Januari 1975 huku akiwa tayari ameshatangaza kuwania urais. Alifariki tarehe 29 Desemba 2024 akiwa na miaka 100.

Diete-Spiff aliondolewa na mapinduzi ya Julai 1975. Uchunguzi uliofuata uliwatia hatiani magavana 10 kati ya 12 wa enzi ya Gowon kwa kujilimbikizia mali, naye akiwa miongoni mwao. Waliosafishwa walikuwa wawili tu, Mobolaji Johnson wa Lagos na Oluwole Rotimi wa Magharibi. Baadaye kijana yule wa Twon-Brass alirudi kwao akawa Amanyanabo, yaani mfalme wa mji wake, ambao tangu 1996 uko katika jimbo la Bayelsa.

Kuondoka kwa Nyako ni sinema ya sheria. Ushindi wake wa 2007 ulibatilishwa, ukarudiwa uchaguzi 2008 akashinda tena. Januari 2012 Mahakama ya Juu ikaamua muhula wake na wa magavana wengine wanne uhesabiwe tangu kiapo cha kwanza, kwa hiyo ulikuwa umekwisha. Mwezi uliofuata akachaguliwa upya. Tarehe 15 Julai 2014 bunge la jimbo likamwondoa. Spika Ahmadu Fintiri akashika usukani, kisha Oktoba mahakama ikasema naibu gavana, Bala Ngilari, hakuwa amejiuzulu kihalali kwa sababu barua yake ilipelekwa kwa spika badala ya gavana, naye akaapishwa. Magavana watatu katika miezi minne! Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani, na baadaye Mahakama ya Juu, zikasema Nyako aliondolewa bila kusikilizwa ipasavyo. Muhula ulikuwa umeshapita, kwa hiyo kiti hakikurudi.

Habari zao

Carter mwenyewe ameandika vitabu zaidi ya 30, na maktaba yake iko Atlanta. Tatizo lake ni wingi, na kwamba mara nyingi unamsikia yeye akijieleza. Kwa Diete-Spiff utategemea hukumu ya kesi ya Amakiri, magazeti ya zamani na maandishi ya watu waliofanya kazi naye. Nyako ana hukumu za mahakama, ambazo ni ngumu kusoma lakini hazikufichi tarehe.

Uchague yupi

Ukiwa mwanafunzi mwenye wiki mbili tu na intaneti ya kuungaunga, mchukue Carter, lakini jifunge kwenye Annapolis, Chalk River na Georgia. Ukigusa urais, kazi haitaisha.

Ukitaka kuwa mwandishi wa habari, au nyumbani kwenu yuko mwalimu aliyewahi kugoma, anza na Rivers ya 1973.

Ukisomea sheria, au unataka kuelewa bunge la kaunti linavyoweza kumng'oa gavana na mahakama ikasemaje, Nyako atakufaa kuliko wote. Chora mstari wa tarehe kwanza, la sivyo utazama.

Kwa kijana aliyemo jeshini anayefikiria siasa siku za mbele, ningempa wawili: Carter, aliyevua magwanda miaka 17 kabla ya kuwa gavana, na Nyako, aliyejaribu kiti kile kile akiwa nayo na akiwa ameyavua. Aisome Minna ya 1976 kisha Yola, makao ya Adamawa, ya 2014, bila kuruka yaliyo katikati.

Na mkiwa kikundi cha watatu, gawaneni. Kila mmoja achukue wake na ajibu maswali yale sita, kisha mkutane na kusomeana sehemu ya doa kabla ya nyingine yoyote. Mwaka juzi kikundi kimoja kilifanya hivyo pale darasani kwangu, na yule mtoto aliyesoma habari ya Amakiri alipofika kwenye vile viboko 24 alisimama kidogo, akanitazama, ndipo akaendelea.